Meno Kwenye Kichwa cha Gita

9 Februari

Mjomba, shikamoo.

Huku nyumbani wote wazima. Goti la mama limetulia tangu aache kupanda ngazi kama anafukuzwa, ingawa bado anakoroma, na bado anakataa katakata kwamba anakoroma. Kaka kapata mtoto wa tatu, wa kike, kilo tatu na nusu, ana sauti ya kuamsha mtaa. Mimi niko pale pale duka la rangi, nawachanganyia rangi watu wasiojua wanachotaka. Jana mmoja alitaka nyeupe “isiyo nyeupe sana.” Mkaza mjomba mpe salamu zake, mwambie ile sweta bado naivaa.

Haya, lililonifanya niandike ni hili. Gita lako linakwaruza. Nasema lako kwa sababu likiwa zima ni langu, likiumwa ni lako. Ni kama mwezi sasa. Nikipiga uzi unatoa sauti mbili, ile ninayoitaka na nyingine chini yake, zzzz, kama nzi aliyenaswa kwenye chupa.

Ningekwambia kwa simu lakini Jumapili nilipiga mara nne, na mara zote nne mkaza mjomba akaniambia uko bafuni. Mjomba, mtu gani anaoga mara nne kwa siku moja?

Nina haraka, nikwambie kwa nini. Tarehe 28 Juni bendi yetu inaingia studio. Miaka sita tunapiga kwenye harusi na mahafali, hatujawahi kurekodi hata wimbo mmoja. Kiongozi wetu, yule tunayemwita Besi kwa ajili ya gita analopiga, ameniambia bila kupepesa macho: gita likiwa bado linakwaruza mwezi wa sita, sehemu yangu atapiga yule jamaa wa bendi ya hotelini. Nyimbo ni nane, tano nimetunga mimi. Sitaki kukaa nyuma ya kioo nikimwangalia mtu anapiga nyimbo zangu.

Nisaidie, tafadhali.

Mpwao


27 Februari

Vidole,

Marahaba. Mwambie dada yangu kukoroma alianza akiwa na miaka saba, mashahidi bado tuko hai. Mkaza mjomba wako hajambo, anapalilia mboga zake na kunigombeza, siku zinakwenda. Karibu nigongwe na baiskeli juzi, watu siku hizi wanaendesha bila kengele. Mimi naoga ninavyotaka, maji ni yangu.

Simu achana nayo. Simu inaharibu sauti, ukisikia gita kwenye simu ni sawa na kuonja chumvi kwa kijiko chenye sukari. Niandikie. Mtu akilazimika kuandika anasikiliza kwanza, na wewe ulikuwa hupendi kusikiliza tangu mtoto. Nijibu haya yote, usiruke hata moja.

Kwanza, hiyo kelele inatoka kwenye nyuzi au kwenye umeme? Chomeka gita, usipige kitu. Kama linavuma lenyewe, na ukigusa nyuzi linanyamaza, hiyo ni waya ya ardhini, mpelekee fundi wa redio yeyote. Kama halivumi mpaka upige, ni nyuzi.

Pili, linakwaruza wapi? Piga kila uzi mtupu, halafu bana freti ya kwanza, ya pili, mpaka mwisho, taratibu, ukiandika. Zile freti zote, vyuma vyote vinavyokata shingo, zina la kusema. Freti moja tu ikilalamika, hiyo imeinuka. Zikilalamika za huku juu karibu na kichwa, hilo ni jambo lingine.

Tatu, weka meno. Usicheke. Kuna wakati kinachokwaruza si uzi kabisa, ni nati iliyolegea kwenye mafunguo ya kukazia nyuzi. Ng’ata ncha ya kichwa cha gita, taratibu, kwa meno ya mbele, halafu piga. Kitu kilicholegea kitakuwasha kwenye fizi. Weka kitambaa kama unaogopa rangi. Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi kule karakana, na hakuna gita lililoniponyoka.

Nne, umefunga nyuzi za unene gani, namba ngapi, na lini?

Nakukumbusha kitu. Nilipokupa hilo gita nilisema mbele ya ukoo mzima: anayeweza kubana nyuzi namba kumi na moja alichukue, asiyeweza akapige makofi. Kaka yako alijaribu akatoa machozi. Wewe ulibana ukacheka. Sijawahi kujuta, usinianzishie sasa.

Mjomba wako


14 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nafurahi maji bado yapo. Kaka na mkewe wamebishana kuhusu jina la mtoto mpaka sasa tunamwita Kilo, na nahofia litabaki hilo. Dukani wameniongezea zamu, sasa nafunga mimi kila jioni. Mama anasema wewe ndiye uliyekuwa unakoroma, yeye alikuwa anakuigiza ili ulale.

Nimefanya kazi yako yote. Umeme hauna shida, gita linakaa kimya mpaka nilipige. Mkwaruzo uko kwenye freti nne za mwanzo, karibu na kichwa. Kuanzia ya tano kwenda chini ni safi, sauti yake unaweza kumpa mgonjwa anywe. Nyuzi tupu nazo zinakwaruza, hasa ule wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote. Kingine nimegundua: pale juu, kwenye kipande cha mfupa ambapo nyuzi zinapita kabla ya kuingia kwenye mafunguo, uzi wa kwanza unacheza ndani ya mfereji wake. Nikiugusa kwa ukucha unasogea kulia na kushoto.

Meno nimeweka. Mama aliingia akanikuta nimeng’ata gita, akatoka kinyumenyume. Hakuna kitu kilicholegea. Ila nimekuelewa, mjomba, ukiling’ata linaimba ndani ya kichwa chako, ni kama uko ndani yake. Kwa nini hukuniambia siku zote?

Fundi mmoja wa hapa karibu aliniambia niinue daraja kule chini ili nyuzi zikae juu. Niliinua. Mkwaruzo ukapungua kidogo lakini kubana kukawa kazi ya kuvunja mawe, nikarudisha.

Kwa vile maneno yangu huyaamini sana, nimekutumia sauti yenyewe kwenye simu ya mkaza mjomba, jana jioni. Sikiliza zaidi ya mara moja.

Nyuzi ni mpya, nzuri tu.

Siku zinakimbia. Besi ananiuliza kila mazoezi.

Mpwao


6 Aprili

Vidole,

Marahaba. Kilo ni jina zuri, lina uzito. Hapa tumeunguza birika, lile la kupiga filimbi. Lilikauka maji jikoni nikiwa nimekaa mita mbili nasoma gazeti, mkaza mjomba wako karudi kakuta jiko limejaa moshi. Kanifokea mpaka jirani kaja kuuliza kama tuko salama. Birika la siku hizi halina uimara.

Ile sauti nimeisikia. Mkaza mjomba wako alinipa simu akaenda zake bustanini, nikaisikiliza yote, kwa utulivu. Ni kama nilivyofikiri. Ni mfupa wa juu. Mfereji umelika, uzi umezama, sasa unagusa freti. Ndiyo maana unacheza.

Najua wapo watakaokwambia shingo imepinda kwa nyuma. Usiwasikilize. Nyuzi namba kumi na moja zinavuta shingo kwenda mbele saa zote, kwa nguvu, kama watu wanaovuta kamba. Ikivutwa hivyo shingo haiwezi kujirudia nyuma yenyewe. Nililiweka sawa kwa mikono yangu siku nilipokupa. Chuma kilichomo ndani ya shingo usikiguse kabisa.

Fanya hivi. Legeza nyuzi, gonga mfupa taratibu kwa ubavu utoke, kata vipande viwili vya kadi ya biashara, viweke chini yake, rudisha. Utanishukuru.

Swali la nne hukulijibu. Nilisema usiruke.

Mjomba wako


20 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Leo salamu zitakuwa fupi, nisamehe. Wote wazima, Kilo ameanza kucheka, nimemaliza salamu.

Nilitoa mfupa, nikaweka kadi, nikarudisha. Nyuzi tupu zimenyamaza kweli. Lakini nikibana freti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, nzi ni yule yule, na chupa ni ile ile. Jana mazoezini Besi alisimamisha wimbo katikati, hakunitukana, alinitazama tu. Heri angenitukana. Nilirudi nyumbani nikalia kwenye ngazi kama mtoto.

Halafu nikasema ngoja nisikilize ile sauti niliyokutumia, labda nitasikia alichosikia mjomba.

Mjomba. Nilichokutumia si gita. Nilibonyeza vibaya. Ni mama, amelala kwenye kochi, anakoroma. Dakika moja na sekunde arobaini. Nilimrekodi ili nimpe ushahidi, tumalize ubishi. Hakuna hata noti moja ya gita mle.

Nawe uliandika, “Nimeisikia, kwa utulivu, ni mfupa.”

Nimekaa na barua zako zote mbili mezani. Bafuni mara nne kwa siku. Baiskeli isiyo na kengele. Birika la filimbi, mita mbili, na hukusikia mpaka moshi. Unanikataza kupiga simu, unasema simu inaharibu sauti, halafu unaniambia mimi ndiye nisiyesikiliza.

Njia ya mwongo fupi, mjomba. Tangu lini?

Mpwao anayekupenda, na ambaye amekasirika


21 Aprili

Vidole,

Sijangoja barua yako. Nakuandikia juu ya ile ya nyuma maana imeninyima usingizi, na mimi nikikosa usingizi mkaza mjomba wako naye anakosa, halafu nyumba haikaliki.

Niliamka nikaenda kwenye boksi la vifaa. Siku ile nilipokata mfupa wa gita lako nilikata miwili, mmoja wa akiba, kwa tupa ile ile, mifereji ile ile. Nimeutoa. Nimeweka uzi namba kumi na moja kwenye mfereji wa kwanza. Umekaa kama mguu ndani ya kiatu chake, hausogei kulia wala kushoto. Na mfupa, mwanangu, hauliki kwa miaka miwili. Unachukua kumi, kumi na tano, kwa mtu anayepiga kila siku. Nililijua hilo na bado nikakwambia kuna mfereji umelika, kwa sababu nilikuwa nimekuamini wewe kuliko kazi yangu.

Mfereji haujapanuka. Uzi ndio umekonda.

Nimekuuliza mara mbili, hii ya tatu. Namba ngapi? Nahisi tisa. Kama ni tisa, basi kila kitu kinaeleweka: watu wa kuvuta kamba wamepungua, shingo imejirudia nyuma, freti za juu zinagusa. Siku zote hizi nimekuwa nakutibu jino wakati unaumwa sikio.

Njia ya mwongo ni fupi. Ulifunga nyuzi za kushonea vifungo kwenye gita langu, ukaninyamazia. Kwa nini?

Mjomba wako


8 Mei

Mjomba, shikamoo.

Barua zetu zimepishana njiani, na naona tumetupiana methali moja. Mama nimemsomea yako na kumsimulia yangu, akacheka mpaka akashika ubavu, akasema nyani haoni kundule, na akaongeza kwamba hayo yote ni ya upande wenu. Halafu alipokuja kuelewa sehemu ya kukoroma akaacha kucheka. Hasemi nami tangu juzi.

Ni tisa.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana nilikuwa nafunga duka. Lile pazia la chuma la mlangoni liliponyoka kwenye ndoano, likashuka na mkono wangu wa kushoto ukiwa chini. Kidole cha pete. Kilivunjika sehemu mbili. Nilikaa na plasta wiki saba, na nilimwapisha mama asikwambie. Kilipotoka kwenye plasta hakikunjiki vizuri, kinafika nusu kinagoma. Daktari anasema kitarudi kidogo, hakitarudi chote.

Nyuzi namba kumi na moja nilijaribu, mjomba. Nilijaribu siku kumi na mbili. Machozi aliyotoa kaka siku ile ni utani ukilinganisha na yangu. Nikaenda nikanunua tisa, nikaficha pakiti kwenye takataka za jirani, kama nimenunua bangi.

Sikukwambia kwa sababu ulisema asiyeweza kubana kumi na moja akapige makofi. Ulilisema mbele ya watu. Nikaona nikikwambia utasema nirudishe gita, apewe kaka, ambaye atalitundika ukutani sebuleni pembeni ya saa. Unaniita Vidole. Nitakujibuje na vidole vyenyewe tisa?

Haya, nimesema. Studio ni wiki saba kutoka leo. Sasa zamu yako.

Mpwao


30 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Kilo mbusu, mama yako mwambie atasamehe tu, kamba ya hasira anayo ndefu lakini huwa inachoka. Mboga zimeliwa na konokono. Mkaza mjomba wako amesimama nyuma yangu kuhakikisha naandika, mara mbili nimeichana.

Kidole chako kimeniuma. Nilikaa na barua yako uwanjani mpaka jua likahama. Mficha maradhi kifo humuumbua, na tungeumbuka wote wawili.

Sikio la kulia lilikufa miaka mitatu iliyopita. La kushoto linasikia milango ikibamizwa, ngoma, na mkaza mjomba wako akipandisha hasira. Niliwaambia watu nimefunga karakana kwa ajili ya mgongo. Uongo. Siku ya mwisho mteja alileta gita, nikalitengeneza, nikamwambia limepona. Akalipiga mbele yangu, akaninyanyulia macho, akalichukua akaondoka, na hakuacha kunionea huruma mpaka alipofika mlangoni. Nilijua kwa uso wake. Sikulala siku hiyo, na kesho yake nikaondoa kibao.

Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi mwaka mzima kwa meno peke yake. Ndiyo maana sikukwambia zamani habari ya kung’ata. Nilidhani ni aibu.

La mwisho ni baya zaidi. Sikukuchagua kwa ajili ya vidole. Nilichagua gita liende mbali. Kaka yako wakati ule alikuwa anakaa mtaa wa pili kutoka hapa, angekuja kila Jumapili anipigie, aulize “mjomba, inasikikaje?” Wewe ulikuwa safari ya siku nzima. Lile shindano la kubana nyuzi nilijua atashindwa, ana mikono ya mkate. Nimekuita Vidole ili nisahau kwamba nilidanganya.

Kwa hiyo gita ni lako, lilikuwa lako bila masharti, na mtu anapiga kwa nyuzi anazoweza. Haya, kazi.

Ndani ya bahasha kuna mfupa mpya. Nimeukata kwa namba tisa, kwa vidole, kazi hii haihitaji masikio. Toa ule wa zamani na kadi zake.

Funga nyuzi, zivute sawasawa. Bana uzi wa sita freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na freti ya kumi na saba kwa kiwiko au kwa mtu mwingine. Tazama freti ya saba. Kati ya uzi na freti panatakiwa pawe na nafasi ya kupita kadi ya biashara nyembamba. Nina hakika sasa hivi hapapiti hata pumzi.

Kile kispana chenye umbo la herufi L kiko kwenye mfuko wa begi la gita. Kiingize pale kichwani, chini ya kifuniko, kwenye kile chuma cha ndani ya shingo nilichokukataza. Ukiwa umekielekea chuma uso kwa uso, zungusha kinyume cha saa, robo mzunguko. Robo! Halafu liache mpaka kesho yake. Mbao ni kama mama yako, haigeuzwi mawazo siku moja. Pima tena. Ikihitajika, robo nyingine. Usizidishe hapo bila kuniuliza.

Umekuwa jasiri kuniandikia. Mimi nimelazimishwa.

Mjomba wako


18 Juni

Mjomba, shikamoo.

Mama amerudi kusema nami, ila analala chumbani kwake kwa kufunga mlango kwa ufunguo. Kilo ameanza kujipindua mwenyewe. Dukani wamebadilisha ndoano za lile pazia, baada ya miezi saba.

Umeniumiza. Nitaliandika mara moja nisirudie. Miaka miwili niliwaringia watu kwamba mjomba alinichagua mimi. Nilipokuwa na plasta nilijiambia, alinichagua, lazima nirudi. Kumbe ulikuwa unatafuta mahali pa mbali. Nilikaa siku tano sikugusa gita wala mfupa wako. Mama ndiye aliyeniambia, “Kwa hiyo umerudi kwa sababu ya uongo. Si umerudi?” Jioni hiyo nikautoa mfupa wako kwenye bahasha.

Basi. Nimeweka mfupa. Uzi wa kwanza umekaa kama mguu kwenye kiatu chake. Nafasi kwenye freti ya saba haikuwepo, ulivyosema. Robo ya kwanza niliizungusha macho nimefumba, mbao ikalia kwii. Kesho yake kadi iliingia nusu. Robo ya pili. Kesho yake ikapita.

Mjomba, limenyamaza. Freti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Nilizipiga moja moja, nikarudia, nikamwita mama asikilize, nikaling’ata nikapiga tena. Safi. Nyuzi ni laini, kidole changu kinafika. Sehemu moja tu, wimbo wa tatu, kuna noti kwenye uzi wa tatu ambayo kidole cha pete lazima kibane chenyewe, na kikichoka hakibani vizuri. Naifanyia mazoezi.

Besi alisikia jana, akasema “Mh.” Kwa Besi hiyo ni hotuba. Tarehe 28 naingia mimi.

Mpwao


25 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Flashi yenye nyimbo imefika, barua iliyokuwa nayo imelowa lakini nimeisoma, hongera, hongera sana. Mkaza mjomba wako amesikiliza zote nane akifua, akaniandikia kwenye karatasi: “Nzuri. Ule wa pili umeniliza.” Tunaandikiana sasa humu ndani, kuna amani ambayo haikuwahi kuwepo. Nimeenda kwa daktari wa masikio pia, kwa shinikizo. Kuna kifaa cha kufunga nyuma ya sikio, kinapitisha sauti kwenye mfupa wa kichwa. Nimeandikishwa, zamu yangu mwezi wa kumi.

Mimi sikuweza kungoja mwezi wa kumi. Nimechukua rula yangu ya mbao ya karakana, ncha moja nimeikandamiza kwenye spika ya redio, nyingine nimeing’ata. Mkaza mjomba wako alinikuta hivyo, akaandika: “Umeanza kula samani?”

Sikupata yote. Maneno ya nyimbo hayafiki, ngoma zinafika kupita kiasi. Lakini gita lilifika. Nilikaa pale siku tatu, mate yananitoka kama Kilo, na gita langu, samahani, gita lako, linaniingia kwenye taya. Nililia, nakwambia ukweli sasa kwa kuwa tumeshaanza huo mtindo.

Kuna kitu kimoja. Wimbo wa tatu, karibu na mwisho, pale gita linapobaki peke yake. Meno yangu yalikamata mkwaruzo. Mfupi, mmoja tu, nadhani uzi wa tatu. Nimerudia mara ishirini. Mkaza mjomba wako amesikiliza kwa masikio yake mawili mazima anasema hakuna kitu, nimezeeka.

Niambie kweli, upo, au ni mimi?

Mjomba wako


4 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Upo.

Ni kidole cha pete, kilichoka, kikalegea kabla ya wakati. Nilikihisi, nikasimama nikangoja wanikatize. Besi hakusikia. Mpiga ngoma hakusikia. Fundi wa studio, mwenye vipokea sauti vinavyofunika nusu ya kichwa, alinyanyua dole gumba nyuma ya kioo akasema tusonge wimbo wa nne. Mama ameusikiliza wimbo kila siku tangu niulete nyumbani, mkwaruzo hajausikia. Kaka kawapigia wageni wote wimbo huo. Watu wote hao wenye masikio, na aliyeusikia ni wewe, na rula mdomoni.

Sikumwambia mtu. Nilikuwa naogopa ukibaki siri yangu peke yangu nitauchukia wimbo wote. Sasa ni wetu wawili, naona hata unapendeza.

Lakini sitaki ujirudie. Nimepima tena, kadi inapita, mfupa umekaa, kwa hiyo dawa iko kwenye kimo cha uzi wa tatu kule darajani au iko kwenye kidole, na hilo siwezi kuliandika, inabidi liangaliwe. Nimeomba ruhusa dukani ya siku nne. Mama anakuja nami, anasema ana shauri na wewe kuhusu nani alianza kukoroma.

Tutafika Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, mchana, na gita ninalo. Piga mswaki.

Mpwao, Vidole